Habib Swaleh wa Lamu na Maana ya Ukwasi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Lilizuka suali katika darasa letu baada ya sala ya Ishaa, nalo lilitushughulisha siku nyingi. Kijana mmoja katika wanaosoma kwetu alitaka kujua mtu aliyefaulu ni yupi. Hakuuliza kwa ajili ya kujadiliana. Ndugu zake wametoka Lamu, mmoja yuko Mombasa na mmoja yuko Ghuba, na kila mmoja wao akirudi hupimwa kwa alichokileta katika sanduku lake. Yeye amebaki kusoma, na watu wa nyumbani mwao wamekwisha kumhisabu kuwa ndiye aliyepotea. Alituuliza kwa sauti ndogo, nasi tuliona haya kumjibu kwa haraka.

Suali hili si la kijana huyu peke yake. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, mabaraza yetu yamejaa khabari za ardhi, za fidia na za kazi. Na kabla ya hapo, kwa muda wa miaka mingi, yalijaa khabari za nyumba za mawe zinazonunuliwa na wageni kwa fedha ambazo babu zetu hawakupata kuziota. Hatusemi kuwa kutafuta mali ni haramu. Dini yetu imehimiza kazi, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifanya biashara, na katika sahaba zake walikuwamo matajiri kama Sayyidna Uthman na Abdulrahman bin Auf, Mwenyezi Mungu awawie radhi. Lakini yampasa mtu ajue anatafuta nini, na atajuaje kuwa amekipata.

Basi tumeona jawabu lililo bora si waadhi bali ni maisha ya mtu. Tumemchagua mtu ambaye kila mtoto wa Lamu amelisikia jina lake, lakini si wengi wanaoijua kazi yake. Naye ni Sayyid Swaleh bin Alawi bin Abdalla Jamalilleli, anayejulikana kwa jina la Habib Swaleh, Mwenyezi Mungu amrehemu.

ASILI YAKE NA KUSOMA KWAKE

Habib Swaleh alizaliwa kisiwani Ngazija katikati ya karne ya 19. Ukoo wake wa Jamalilleli ni katika koo za masharifu wa Hadhramaut. Wazee wake walishuka pwani yetu zamani, wakakaa Pate, na kutoka Pate baadhi yao wakavuka kwenda Ngazija. Kwa hivyo kuja kwake Lamu hakukuwa kuja kwa mtu mgeni kabisa, bali alirudi karibu na mahali walipopita wazee wake.

Alikuja akiwa kijana, katika robo ya mwisho ya karne hiyo, akafikia kwa ami yake, Sayyid Ali bin Abdalla, aliyekuwa akijulikana kwa elimu ya tiba. Lamu wakati huo ilikuwa na wanavyuoni wakubwa, na mkubwa katika waliomsomesha alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdulrahman al-Husseini, ambaye watu wa Lamu humwita Sayyid Mansab. Huyu alikuwa amesoma Makka na Hadhramaut, na juu ya elimu yake alikuwa mshairi, akiyatia mambo ya dini katika nathmu ya Kiswahili ili wasiojua Kiarabu nao wapate kufahamu. Kijana aliyekaa mbele ya mwalimu kama huyu alijifunza elimu, na pamoja na elimu alijifunza kuwa elimu haikuletwa ifungiwe ndani kama nguo za arusi.

Habib Swaleh alikuwa sharifu, na katika mji wa Lamu wa siku zile usharifu ulikuwa mtaji. Sharifu alipigwa busu mkono, akatangulizwa katika karamu, akaletewa zawadi, na wazee wa mji walifurahi kumpa binti zao. Lau angetaka kukaa na kuishi kwa jina la ukoo wake tu, hapana ambaye angemlaumu. Angekufa mtu wa heshima, naye leo tungekuwa hatumjui.

LAMU ALIYOIKUTA

Yatupasa tueleze Lamu ilikuwaje, maana bila ya hayo hatutafahamu uzito wa alilolitenda.

Pate ndiyo iliyokuwa na nguvu kwanza katika visiwa vyetu. Kuanguka kwake, baada ya vita na fitina za muda mrefu, ndiko kulikomfanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir atunge Al-Inkishafi, utenzi unaojulikana na kila mpenda Kiswahili. Baada ya vita vya Shela, vilivyokuwa karibu na mwaka 1812, ambavyo watu wa Lamu waliwashinda Pate na Mazrui wa Mombasa, nyota ya Lamu ilipanda. Mji ukaingia chini ya himaya ya Mabusaidi, ngome ikajengwa, na biashara ikashamiri. Majahazi yalipakia boriti za mikoko, pembe, ngozi, mtama na ufuta, yakaenda Arabuni na Ghuba, yakarudi na tende, mazulia na vyombo vya kaure. Waungwana wa Mkomani walikuwa na nyumba za mawe zenye zidaka za chokaa na milango ya nakshi, na bara walikuwa na mashamba.

Lakini mashamba yale yalilimwa na nani? Yalilimwa na watumwa. Mkataba wa mwaka 1873 baina ya Uingereza na Sayyid Barghash ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini utumwa wenyewe haukuondoka katika pwani yetu mpaka ilipotolewa sheria ya mwaka 1907. Kwa hivyo Lamu aliyoikuta Habib Swaleh ilikuwa mji wa madaraja. Juu walikaa waungwana, na chini walikaa watumwa na waliokuwa watumwa. Na baina yao walikuwapo wageni wa kila namna, Wahadhrami waliokuja kutafuta riziki kwa kuchukua mizigo na kufungua viduka, Wangazija, na Wabajuni wa visiwani. Wengi katika hawa walikaa upande wa Langoni, katika nyumba za udongo na makuti.

Ama elimu, nayo ilikuwa na madaraja yake. Kulikuwa na vyuo vya watoto na kulikuwa na darasa za misikitini, lakini elimu kubwa ilikuwa ni ya watoto wa watu wakubwa. Mtumwa alifundishwa sala, na mara nyingi hakufundishwa zaidi ya hapo. Iliaminika kuwa tafsiri na fiqhi ni pambo la muungwana, na kumpa mtu wa chini pambo hilo ni kuharibu utaratibu wa mji.

Twasema waziwazi kuwa hili halikutoka katika Uislamu. Wahajiri wa mwanzo walipofika Quba kabla ya Mtume (S.A.W.) hajawasili, aliyewasalisha alikuwa Salim, aliyekuwa mtumwa kisha akawa huru wa Abu Hudhaifa, na nyuma yake walisimama wakubwa wa Kikureshi, naye Sayyidna Umar alikuwa miongoni mwao. Walimtanguliza kwa sababu ndiye aliyehifadhi Qurani zaidi. Na katika zama za Tabiina, mufti wa Makka alikuwa Ataa bin Abi Rabah, mtu mweusi aliyekuwa wa asili ya utumwa, naye makhalifa walimnyenyekea kwa elimu yake. Waungwana wa Lamu waliyasoma haya katika vitabu vyao. Waliyasoma, wakavifunga vitabu, wakatoka.

DARASA LA WASIOTAKIWA

Habib Swaleh naye aliyasoma, kisha akayatenda. Aliwakusanya watu wa Langoni, waliokuwa watumwa na watoto wao, wachukuzi wa Kihadhrami na mabaharia wa Kibajuni, akawakalisha mkekani akawasomesha. Hakuwasomesha sala tu, bali aliwafungulia elimu zile zile alizozipata yeye kwa walimu wake. Aliwatembelea katika vibanda vyao, akala nao, akawatibu wagonjwa wao kwa elimu ya tiba, na akawa mwenzao katika furaha na misiba.

Msomaji wa leo huenda akaona jambo hili jepesi. Halikuwa jepesi. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukia, na miongoni mwao walikuwamo watu wa elimu na masharifu wenzake. Waliona kuwa sharifu anajishusha, na kwamba akijishusha yeye anawashusha na wao. Waliona kuwa mtumwa akishajua kusoma tafsiri hatalima tena kwa moyo. Mtu aliyekuwa akikaribishwa katika kila ukumbi wa Mkomani alianza kuona nyuso zilizogeuka.

Hapa ndipo niya ya mtu inapojaribiwa. Kila mmoja wetu ananuia kheri maadamu kheri hiyo haimgharimu kitu. Niya ya Habib Swaleh ilimgharimu urafiki wa wakubwa na raha ya kukubalika, wala hakuiwacha.

Wala tusisahau kuwa alikuwapo aliyemuunga mkono katika wakubwa hao hao. Sayyid Mansab, mwalimu wake, alisimama naye, na ardhi iliyowekwa wakfu kwa ajili ya kazi ile ilitoka kwake. Kiwanja hicho kilikuwa nyuma ya mji, upande wa kusini, mahali ambapo hapana muungwana aliyepatamani. Hapo likaanza darasa katika jengo la udongo na makuti, na hapo, mnamo mwaka 1900 hivi, ukasimama Msikiti wa Riyadha.

Jina la Riyadha lina asili yake. Huko Seiyun, Hadhramaut, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915, alikuwa amejenga ribati kwa ajili ya wanafunzi pamoja na msikiti ulioitwa Riyadh. Habib Swaleh na Habib Ali waliandikiana barua, na barua hizo zilipita bahari baina ya Hadhramaut na Lamu kwa majahazi ya msimu. Riyadha ya Lamu ilifuata mfano huo, nyumba ya ibada na nyumba ya elimu katika uwanja mmoja, ambayo mwanafunzi akitoka mbali hupata pa kulala na cha kula na mwalimu wa kumsomesha, asiulizwe baba yake alikuwa nani.

TULIPOTOFAUTIANA NA PALIPO NA HAKI

Wasomaji wetu wanajua msimamo wa darasa letu, wala hatutauficha kwa kuwa leo tunamsifu mtu. Habib Swaleh ndiye aliyeeneza katika mji wetu maulidi ya Simtu Durar, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi, na yakasomwa kwa kupigwa matari. Wanavyuoni wa wakati wake walikhitalifiana juu ya kupiga matari msikitini, na sisi tuko pamoja na waliokataza. Tena hatuoni kuwa kaburi la mja yeyote, awe mwema namna gani, ni mahali pa kuombwa haja. Haja huombwa Mwenyezi Mungu peke yake. Na visa vya karama vinavyosimuliwa juu yake, tumeviwacha makusudi. Si kwa dharau, bali kwa sababu mtu akishaambiwa kuwa fulani aliweza kwa karama, hupata udhuru wa kutofanya kama alivyofanya.

Lakini kukhitalifiana katika jambo hakutupi ruhusa ya kuificha haki. Tuyatazame mambo yalivyokuwa. Watu wa Langoni hawakuwa na nafasi katika shangwe za Mkomani. Walikuwa na ngoma zao, na ndizo zilizowakusanya. Habib Swaleh aliwapa mkusanyiko ambao ndani yake anatajwa Mtume (S.A.W.), na aliyekuja kwa sauti ya tari alikutana na mwalimu. Tukiikataa njia hii, yatupasa tujiulize sisi wenye njia iliyonyooka zaidi tumewaleta wangapi.

Na leo hali imepinduka kwa namna ambayo twadhani hata yeye asingeiridhia. Kila Mfungo Sita watu huja Lamu kwa maelfu, kutoka pwani yote na ng'ambo. Hufanywa mashindano ya mashua na ya punda, hupikwa pilau, hupigwa picha, kisha watu huondoka. Ni wangapi katika hao wanaokwenda makwao wakamkalisha mtoto wa mchukuzi mkekani wakamsomesha? Kumpenda mtu kwa kuisherehekea siku moja na kuiwacha kazi yake siku zote zilizobakia, hilo ni pendo lililo tupu.

MIZANI

Sasa na tuipime mali kwa mali.

Wakati Habib Swaleh anawasomesha watu wa Langoni, waliohisabiwa kuwa wamefaulu katika Lamu walikuwa ni wenye mashamba ya bara, wenye majahazi na wenye nyumba kubwa. Mwaka 1895 pwani yetu iliingia chini ya Waingereza. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na biashara ikaifuata reli. Bandari ya Lamu ikanyamaza. Ilipokuja sheria ya mwaka 1907 mashamba yalikosa wa kuyalima, na mwitu ukarudi mahali palipokuwa na mtama. Nyumba nyingi za mawe zilipasuka kuta, wenyewe wakakosa cha kuzitengenezea. Baadhi zilianguka, na nyingine, baada ya vizazi viwili vitatu, zikauzwa kwa wageni, na zidaka zilizokuwa zikiwekwa misahafu na kaure zikawa mapambo ya watu waliokuja kupumzika.

Hatusemi hayo kwa kufurahia msiba wa jamaa zetu. Wengi wetu ni wajukuu wa watu hao. Twasema kwa sababu ni ushahidi uliosimama mbele ya macho yetu, hauhitaji kitabu.

Ama mali ya Habib Swaleh, yeye aliiweka katika watu. Mtoto wa mtumwa aliyesoma kwake alikwenda kijijini kwao akawa mwalimu, akasomesha wengine, nao wakasomesha wengine. Mali ya namna hii haikuguswa na reli wala na sheria ya serikali. Ilipokwisha amri ya bwana juu ya mtumwa, waliosoma Riyadha walikuwa wamekwisha kuwa na kitu chao mikononi. Wanafunzi walikuja kutoka visiwani, kutoka pwani yote, na baadaye kutoka nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, na Riyadha ikawa mojawapo ya vyuo vikubwa vya dini katika sehemu hizi.

Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, sawa na mwaka 1354 wa Hijra. Wanawe walioshika kazi baada yake, Sayyid Ahmad Badawy na Sayyid Idarus, hawakurithi hazina ya dhahabu. Walirithi wanafunzi, kiwanja cha wakfu na vitabu. Vitabu hivyo vingali na habari yake. Katika Riyadha zimehifadhiwa hati za mkono za fiqhi, nahau, tasawwuf na nyinginezo, na katika miaka yetu hii zilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa maktaba ya British Library ya London, ili zisipotee na wanavyuoni wa dunia wapate kuzisoma. Darasa lililoanza katika makuti nyuma ya mji, ambalo wakubwa wa mji walilionea aibu, leo linasomwa London. Na wale walioliona kuwa ni aibu, majina yao hayasomwi popote.

Tukumbuke pia kuwa miaka ya mwisho ya uhai wake ndiyo miaka ambayo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa magazeti yake Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaamsha Waislamu kwa kalamu. Sisi ni watoto wa kalamu ile. Watu hao wawili hawakuwa na njia moja. Lakini waliafikiana katika asili kubwa, kwamba ujinga wa Waislamu ni ugonjwa na elimu ni dawa, na kwamba dawa haimfai mgonjwa maadamu imo chupani.

NIYA NA AMALI

Turejee kwa kijana wetu na suali lake.

Hadithi ya niya ndiyo ya kwanza katika Arubaini ya Imamu Nawawi, na kila mtoto wa chuo anaijua. Kwa sababu inajulikana mno, watu wameifanya mto wa kulalia. Mtu husema amenuia, akaona yatosha. Niya katika dini yetu si matamanio. Matamanio ni kupenda jambo liwe. Niya ni moyo kulikusudia jambo hali mkono umekwisha kunyoshwa kulifanya. Anayenuia kusali huku amelala na wakati unapita, huyo hakunuia, amejidanganya. Na upande wa pili, anayesali bila ya niya ameinama na kuinuka tu. Ikikosekana moja, nyingine haitoshi.

Na ukwasi ni hivyo hivyo. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa utajiri wa kweli u katika nafsi ya mtu, si katika wingi wa vitu vyake. Lakini hapa napo wako wanaokosea, wakadhani kutosheka ni kukaa bure. Habib Swaleh alitosheka na nyumba ndogo, hakutosheka na kazi ndogo. Alichokipata alikitumia, na alipokitumia kikaongezeka, maana elimu ndiyo mali pekee ambayo mwenye kuitoa haimpungukii. Qarun alikuwa na hazina ambazo funguo zake ziliwaelemea wenye nguvu, akadidimizwa ardhini pamoja nazo. Tofauti ya watu hawa wawili si kuwa mmoja alikuwa nacho na mwengine hana. Tofauti ni kuwa mmoja alijua kitu chake ni cha kufanyia nini.

Kwa hivyo jawabu letu kwa kijana ni hili. Mtu aliyefaulu ni yule aliyenuia kheri iliyo kubwa kuliko nafsi yake, kisha akaifanya kwa kile alichonacho, hata kikiwa ni mkeka na sauti. Ndugu yake aliyeko Ghuba naye aweza kuwa miongoni mwa waliofaulu, ikiwa fedha anazozileta amezinuia kuwatunza wazee na kusomesha watoto, naye akalitimiza hilo. Na yeye aliyebaki chuoni aweza kuwa katika waliopotea, ikiwa anasoma ili apigwe busu mkono. Sanduku halimpandishi mtu wala kitabu hakimpandishi. Mtu hupandishwa na alichokikusudia pamoja na alichokitenda.

Tulipokuwa tukimjibu hivyo, kijana yule alitutazama, nasi tukajiona wenyewe. Maana darasa letu nalo lina niya yake iliyolala. Yapata miaka mitatu tulikubaliana kufungua chuo cha usiku kwa wachukuzi wa gatini, mabaharia wa mashua na vijana wa kazi za majumbani, wengi wao waliofika Lamu kutafuta riziki na hawana wa kuwasomesha. Tuliandika azimio, tukalisoma, tukalisifu. Kisha pakatokea aliyesema kuwa vijana hawa watakuja na harufu ya samaki na kuchafua mikeka, na mwengine akasema kuwa wenye watoto watawaondoa watoto wao. Tukaakhirisha. Tukaakhirisha tena. Mpaka tulipoandika maisha haya ndipo tulipotambua kuwa maneno yale yalikwisha kusemwa Mkomani zaidi ya miaka mia moja nyuma, na wasemaji wake leo hawana jina. Tuliyalaumu katika ukurasa uliotangulia, nasi ndio wenye nayo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu msamaha, na twawaomba radhi vijana hao. Chuo kitaanza usiku wa Jumamosi ijayo, baada ya sala ya Ishaa, hapo hapo tunapokutana, juu ya mikeka hiyo hiyo. Usiku wa kwanza atasomesha kijana wetu mwenye suali. Yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea kabla ya mkubwa yeyote katika sisi. Mwenye mkeka, taa, ubao au kitabu cha kutoa na alete. Mwenye mtumishi nyumbani kwake na ampe ruhusa ya saa moja, wala asimkate katika ujira wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Swaleh, amsamehe na atusamehe, na azijaalie niya zetu ziwe njema na mikono yetu iwe myepesi katika kuzitimiza. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.